Dozi ya siku saba na uvimbe uliokuwa unaondoka wenyewe

Tangazo la dawa ya bawasiri limeanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, safari hii likiwa na sauti ya mama anayeshukuru huku analia. Kinyama kilimtoka sehemu ya haja kubwa, kukaa hawezi, kulala kwa ubavu, akatumiwa dozi kwa basi, siku ya saba akawa mzima. Chini kuna namba ya simu na orodha ya mengine yanayotibiwa na dozi hiyo hiyo: vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, nyota iliyofifia. Machozi ya mama siyatilii shaka. Alipona kweli. Ninachokataa ni kwamba aliyemuuzia alihusika.

Uvimbe unaojitokeza ghafla pembeni ya njia ya haja kubwa, mgumu, wa rangi ya bluu, unaouma hata ukikohoa, mara nyingi ni damu iliyoganda ndani ya bawasiri ya nje. Maumivu yake hupanda siku mbili tatu za mwanzo, kisha yanashuka yenyewe. Ikifika wiki, wengi wanakaa kwenye kiti bila kukunja uso. Uvimbe unanywea polepole kwa wiki kadhaa na kuacha kingozi kinacholegea. Sasa tuhesabu. Siku ya kwanza mtu ana aibu. Ya pili anauliza kwa siri. Ya tatu anatuma hela, ya nne dozi inafika, maumivu yameshapita kilele na yanateremka. Ungemfungia majivu ya mkaa kwenye kikaratasi, bado angekurekodia sauti ya shukrani.

Bawasiri ya ndani nayo inamfaa sana muuzaji. Inatoa damu siku tatu nne, inanyamaza miezi, inarudi. Ile miezi ya ukimya anajihesabia yeye, na ikirudi kosa ni lako: ulikula pilipili, ulikalia sementi ya baridi. Pilipili inaweza kukuwasha wakati wa kutoka, lakini haileti bawasiri. Sementi ya baridi ndiyo kabisa, haina kesi ya kujibu.

Kuna dozi zinazofanya kitu, nalikubali hilo kwa shingo upande. Baadhi ya unga huo una sanamaki au shubiri, na vyote viwili vinaendesha. Choo kikilainika, kidonda kinapumzika. Lakini hapo umelipia dawa ya kuharisha bei ya upasuaji, na ukiitumia wiki kwa wiki unabaki na kuhara, ambako nako kunachubua palepale. Dawa ya kupaka inayoahidi "kukausha" au "kudondosha kinyama" ndiyo ya kuogopa. Kinachodondosha nyama ni kuungua. Ngozi ya pale ikiungua inapona kwa kovu, kovu linajikunja, na njia inasinyaa hadi choo kinatoka chembamba na kwa maumivu. Hapo ndipo unapohitaji upasuaji ambao hapo mwanzo hukuuhitaji.

Kinachonikera zaidi ni kwamba matibabu yenyewe yanajulikana, ni ya bei ndogo, na hayana siri. Kila binadamu ana vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida vitatu, vinavyosaidia kuziba ili majimaji na hewa visivuje. Ukijikamua kila siku kwa sababu choo ni kigumu, nyuzi zinazovishikilia zinalegea, vinashuka, vinavimba, vinakwaruzwa na kutoa damu. Hakuna krimu inayozikaza nyuzi hizo. Unachoweza kufanya ni kuondoa kinachozivuta, nacho ni choo kigumu na muda wa kukaa chooni. Majaribio ya tiba yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kwamba nyuzinyuzi za kwenye chakula peke yake zinapunguza hatari ya kuendelea kutoka damu kwa takriban nusu. Ila zinahitaji kama wiki sita, na wiki sita haziuziki kwenye tangazo.

Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Mtu anayeanza na chai na vitumbua, mchana chipsi mayai, usiku wali mweupe na mchuzi, hata nusu anaifikia kwa shida. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 13, mbaazi au kunde kama 11. Nusu ya parachichi kubwa ni gramu 6 au 7, chungwa lililoliwa na nyama zake 3, kiazi kitamu cha wastani na ganda lake 4. Badili sembe kwa dona. Watu wa Pwani wanaokula mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi wana karibu theluthi ya kazi mkononi kabla ya saa tatu, mradi bakuli la mbaazi lisiwe la kuonjea. Ongeza taratibu kwa wiki mbili. Ukirukia gramu 30 kwa siku moja utajaa gesi na utaapa kwamba maharage ndiyo adui.

Kama chakula hakitoshi, maduka mengi ya viungo ya Wahindi, Dar, Mombasa hata Arusha, yanauza isabgol, yale maganda meupe ya mbegu. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, koroga, kunywa papo hapo kabla hayajawa uji, halafu glasi nyingine juu yake. Baada ya siku chache panda hadi vijiko viwili. Ukiyala makavu au kwa maji kidogo yanavimba njiani na kukuziba, ndiyo maana wengine wanasema yamewazidishia. Maji ya siku nzima yawe lita moja na nusu hadi mbili, zaidi kama unafanya kazi juani.

Halafu chooni. Nenda mwili unapokuita, usiahirishe hadi ufike nyumbani, maana choo kinachosubiri kinanyonywa maji na kuwa kigumu. Dakika tano zinatosha. Kama hakijatoka, inuka, kitakuita tena. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri tayari. Cha kukalia, weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu ili magoti yapite nyonga, inama mbele kidogo, usibane pumzi. Na simu ibaki sebuleni. Utafiti wa hospitali moja ya Boston, Marekani, uliochapishwa 2025, kwa watu wazima 125 waliokuwa wanafanyiwa uchunguzi wa utumbo mpana, ulikuta wanaotumia simu chooni wana uwezekano wa bawasiri uliozidi kwa asilimia 46. Hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, lakini asilimia 37 ya wenye simu walikaa zaidi ya dakika tano, dhidi ya 7 ya wasio nayo. Miguu inakufa ganzi, wewe uko kwenye video ya kumi na nane.

Wakati wa maumivu, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya kwenda haja. Maji matupu. Detoli, chumvi ya mawe na ndimu viache jikoni na bafuni vinakohusika. Chamba kwa maji, jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Krimu ya ganzi inapunguza kuwasha na kuuma, basi; yenye steroidi isizidi siku saba, inakondesha ngozi. Vidonge vya diosmini vinapunguza damu na uvimbe kwa baadhi ya watu. Parasetamoli ni sawa. Tramadoli na kodeini zinafunga choo, yaani zinatuliza leo na kukuandalia kesho. Wajawazito, vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, vinakausha choo, lakini msiache kuvimeza. Ombeni laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kliniki, na wengi uvimbe unanywea wiki chache baada ya kujifungua.

Nyama ikitoka na kurudi yenyewe, hayo niliyosema yanaweza kutosha. Ikihitaji kurudishwa kwa kidole, au damu haikati baada ya wiki hizo sita, uliza kuhusu kufungwa mpira. Daktari anabana shina la bawasiri ya ndani kwa kimpira kidogo, sehemu ya juu ndani ya njia ambako hakuna mishipa ya maumivu. Unahisi uzito kama unataka kwenda haja. Ukihisi maumivu makali papo hapo, mwambie palepale, mpira umekaa chini mno na unapaswa kutolewa. Kinyama kinakatika ndani ya wiki hivi, na damu kidogo kati ya siku ya 7 na ya 14 ni kawaida. Homa, kushindwa kukojoa, au maumivu yanayopanda, rudi usiku huohuo. Upasuaji ni wa nyama isiyorudi au iliyoshindikana kwingine, na ndiyo, unauma, wiki mbili hadi nne.

Kubwa kuliko yote ni kwamba muuzaji wa WhatsApp hajaona anachokitibu. Maumivu ya kukatwa na wembe kila choo kikipita ni mpasuko wa ngozi ya pale zaidi kuliko bawasiri. Maumivu yanayopwita mfululizo na homa ni jipu, na jipu hupasuliwa, halipakwi. Usaha unaochuruzika kwenye kitundu pembeni ni fistula, yaani kijia kilichojichimba kutoka ndani hadi kwenye ngozi. Kwa wenzetu wa Mwanza, Ukerewe na Musoma, damu kwenye choo pamoja na tumbo kusokota inaweza kuwa kichocho, kinachopimwa na kutibiwa kwa prazikwanteli. Bawasiri haigeuki saratani, ila saratani ya utumbo mpana hukaa miaka ikiitwa bawasiri. Damu iliyochanganyika ndani ya choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda, upungufu wa damu, ndugu wa damu aliyewahi kuugua, au kuvuka miaka 45: mojawapo tu linatosha kuhitaji kipimo cha kamera.

Nikiri kitu kimoja kwa muuzaji: hamwaibishi mteja. Dirisha la mapokezi ambako unatakiwa kutaja shida yako mbele ya foleni linamkimbizia wateja kila siku. Basi pale dirishani sema tu unataka kumwona daktari, inatosha. Ndani, usizunguke na "tumbo la chini". Sema: natokwa damu nikienda haja kubwa, tangu lini, ya rangi gani, inadondoka au imechanganyika, kuna kitu kinatoka au hakitoki. Atakulaza ubavu wa kushoto, magoti kifuani, glovu, jeli, kidole kimoja, chini ya dakika moja. Akikuandikia krimu bila kukuangalia, muulize kwa adabu: daktari, mbona hujanipima?