Inveta haiponi kwa kubadilishiwa transista peke yake

Wengi wanaopeleka inveta ya sola (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kutumia nyumbani) kwa fundi hurudishiwa ikiwa na transista mpya, yaani swichi zake za kielektroniki, huambiwa imepona, na baada ya muda mfupi transista zilezile hulipuka tena. Lawama huangushiwa vipuri feki, ambavyo kweli vipo, lakini naamini tatizo kubwa zaidi ni desturi ya kubadilisha kilichokufa bila kutafuta kilichokiua.

Transista huwa ya kwanza kuungua kwa kuwa ndiyo inayokata na kuunga mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Hata zile za IGBT, aina ya transista za umeme mkubwa, nyingi huundwa zistahimili shoti kwa takriban mikrosekunde 10 tu, na kwa muda mfupi hivyo fyuzi haiwahi. Kinachoweza kuiokoa ni saketi ya geti, ile inayoiamuru transista iwake au izime, iwapo itaigundua hatari na kuizima mara moja. Katika inveta ndogo za volti 12, transista kadhaa hufungwa sambamba, kila moja na rezista (kipunguza mkondo) yake ya geti. Ikipasuka moja, rezista hiyo huweza kuungua nayo, na fundi akiiacha, transista mpya haitawaka sawasawa, itapata joto kupita kiasi na kufa mbele ya macho yake.

Kinachosahaulika zaidi ni kapasita ya elektroliti, kipuri kinachohifadhi chaji na kutuliza volti. Kimiminika chake hukauka polepole, ukinzani wake wa ndani hupanda, volti huanza kuyumba, na mzigo wote huangukia transista. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzijoto 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Sasa fikiria inveta iliyopigiliwa juu ukutani, chini ya bati, feni ikiwa imesakamwa na vumbi. Kwa kawaida kapasita huhesabiwa kuwa imechoka uwezo wake wa kuhifadhi chaji ukishuka kwa asilimia 20 au ukinzani wa ndani ukiongezeka maradufu, na hayo yanaweza kutokea kabla haijavimba kichwa. Mita ya kupimia shoti haitayaonyesha; panahitajika mita ya ESR, yaani ya kupima ukinzani huo wa ndani, ambayo kwa maoni yangu ni muhimu mezani pa fundi kama chuma cha kulehemu.

Kabla ya kuijaribu inveta waliyoitengeneza, mafundi makini huunga kwanza balbu ya gari kwa mfululizo na betri ili izuie mkondo mkubwa: ikiendelea kuwaka kwa nguvu ilhali inveta haina mzigo, shoti ingalipo, na hakuna kipya kilichoungua.

Hata hivyo, fundi hawezi kubeba lawama zote. Inveta nyingi za kisasa hupima volti, mkondo na joto ili zijilinde, lakini zinapozima, mwenye nyumba huachiwa namba ya hitilafu tu kwenye kioo. Watengenezaji wazihifadhi kumbukumbu za vipimo vya sekunde za mwisho kabla ya kuzima, na waziweke wazi kwa fundi yeyote, bila nywila inayotunzwa na wakala wao pekee.