Wanauita divai, mimi nauita damu ya mzee

Shangazi alikataa chupa yangu ya wino isikae kwenye meza ya chakula. Kosa ni langu, nilimwambia jina lake ni la zabibu za divai.

"Pombe, humu ndani?"

"Hapana, Shangazi. Ni maji na rangi tu."

"Sasa kama ni maji na rangi, wameupa jina la pombe ili iweje?"

Sikuwa na jibu. Wino wenyewe unaitwa Syrah, wa Diamine ya Liverpool, kampuni iliyoanza mwaka 1864. Syrah ni zabibu nyeusi za Ufaransa, zile zile ambazo Waaustralia huziita Shiraz. Humo chupani hamna hata tone la divai. Kichekesho ni kwamba zamani Ulaya baadhi ya mafundi wa wino waliitia kweli: waliloweka vinundu vya mti wa mwaloni ndani ya divai, wakaongeza chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, na wino ukatoka mweusi. Waliotia divai hawakutangaza, wasiotia ndio wanaotangaza.

Kachupa kangu ka mililita 30 nililetewa na rafiki aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Nilijaza kalamu ya wino usiku, feni ikizunguka, nikafungua kaunta buku niliyoinunua Ngamiani, hapa Tanga. Mstari wa kwanza tu, kila herufi ikaota ndevu. Nikageuza ukurasa, maneno yanasomeka kinyumenyume. Wino sikuulaumu. Wa peni za kawaida ni mzito, una mafuta, unakaa juu ya karatasi. Huu ni maji, na karatasi ya kaunta buku inaunywa kama mchanga.

Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaandika upande wa nyuma, ule laini. Hapo ndipo nilipouona. Ukiwa mbichi ni mweusi karibu kabisa. Ukianza kukauka, wekundu unachomoza kwanza kwenye mikia ya herufi, pale kalamu ilipopita haraka, lakini pale nibu, ile ncha ya kalamu, ilipotua kidogo panabaki na giza. Niliandika "Tanga" mara tano ili nikodolee macho ile g tu. Ila kwenye karatasi laini hukauka taratibu, na kwa jasho la mji huu, kiganja changu kilifuta nusu ya sentensi kikaihamishia kwenye kanzu.

Je, unafanana na divai? Sijawahi kuionja, siwezi kushuhudia. Zambarau naijua, imeniharibia mashati meupe ya shule, lakini hii ina wekundu zaidi. Shangazi ndiye aliyemaliza ubishi. Alichukua ile kalenda, akaisogeza kwenye taa. "Ah! Damu ya mzee hii. Nilikuwa na kanga ya rangi hii hii."

Basi ndiyo hiyo. Jina tunalo siku zote, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko Syrah. Rangi yenyewe ina adabu pia. Nyekundu ni ya mwalimu anayesahihisha, ukimwandikia mtu barua kwa nyekundu atadhani umemgombeza. Damu ya mzee haigombezi mtu. Fomu za ofisini tu ndizo haziitaki: bluu au nyeusi, basi. Nilijaribu, karani akanirudishia bila hata kuinua macho.

Nilimkumbusha Shangazi kwamba utotoni yeye mwenyewe alinyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. "Aliyekunywa wino humu ndani ni wewe, Shangazi." Akacheka mpaka akashika ubavu, lakini chupa mezani hairuhusiwi bado.

Juzi kaniita nimwandikie orodha ya wenzake wa upatu. Nikachomoa peni ya bluu.

"Siyo hiyo," akasema. "Lete ile ya damu ya mzee."