Maiki ya Kupimia na Wenye Kiwanja

Kanisa letu liko Busia, upande wa Uganda, si mbali na barabara yanakopanga foleni malori. Juu mabati, chini saruji, ukutani vioo. Mchungaji akisema "Haleluya", ile "luya" haiendi popote. Inazunguka humo ndani mpaka ikutane na "Haleluya" ya pili, zisalimiane. Mahubiri watu wameshazoea, wanajua yanakoelekea hata wasiposikia. Shida ni matangazo. Mama Kwaya alitangaza mazoezi ya Alhamisi, nusu ya waimbaji wakaja Jumamosi, wamenuna kwamba wengine hawajafika. Hapo baraza la wazee likaamua: tununue spika kubwa zaidi.

Mimi ndiye fundi wa mitambo. Nikawaambia, wazee wangu, spika kubwa itatuletea mwangwi mkubwa. Tupime kwanza. Tujue sauti ikikatika humu ndani inachukua sekunde ngapi kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ndipo tujue tunahitaji mapazia kiasi gani.

Ili waniamini nikawapa habari za Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo wanafunzi walikuwa hawamwelewi mwalimu kwa sababu ya mwangwi. Yeye na wasaidizi wake wakawa wanabeba matakia ya viti vya Sanders Theatre usiku, wanayapanga ukumbini, wanapiga bomba la kinanda, kisha wanahesabu kwa saa mwangwi unakufa baada ya muda gani. Asubuhi matakia yalitakiwa yawe yamerudi kwao. Matakia yalivyozidi, mwangwi ukapungua, na kutokana na usumbufu ule tukapata kanuni ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo.

"Hayo matakia aliyakodi?" akauliza Mzee wa Fedha.

"Aliyaazima, Mzee."

"Bure?"

"Bure."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Sijawahi kuona sayansi ikimwingia mtu vile. Katibu naye akaandika jambo kwenye kumbukumbu za kikao. Alichoandika nilikuja kukijua nikiwa nimeshachelewa.

Jumanne mchana, kanisa likiwa tupu, nikaingia kazini. Maiki ya kupimia si ile ya kuimbia. Unene wake ni wa kalamu, na kazi yake si kumpendezesha mtu sauti, ni kusikia kila kitu kama kilivyo. Nikaisimamisha katikati ya ukumbi juu ya stendi ya miguu mitatu. Nikavuta futi kamba kutoka ukutani hadi kwenye stendi, nikaandika. Nikafumba jicho moja kuangalia kama stendi imenyooka. Nikavuta futi kamba upande wa pili, nikaandika tena. Yote hayo milango ikiwa wazi na mtaa mzima unatazama.

Sasa kupanga kiwango cha maiki. Ni kazi ya dakika chache tu, ila inataka mtu mtulivu, na watu watulivu kwenye mitambo ya kanisa ni wachache. Kompyuta inatoa mlio unaopanda taratibu, kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, zinazotikisa vioo, hadi hezi 20,000 ambazo wazee hawazisikii kabisa. Mlio huo unapita kwenye spika, maiki inausikia, kompyuta inalinganisha ilichotoa na ilichopokea. Kwenye kipimo cha kompyuta, sifuri ndiyo juu kabisa. Wimbi likigonga sifuri linakatwa kichwa, na matokeo yote yanakuwa uongo mtupu. Kwa hiyo geini, kile kitasa cha kuongeza nguvu ya maiki, unaifungua kwa adabu, mlio ukifika kileleni uishie kwenye desibeli hasi 12 hivi, pabaki nafasi. Ukiibana mno nako ni kujidanganya: mwangwi unazama kwenye ngurumo za malori kabla hujaupima. Mimi hupenda uwe na desibeli 45 za kushukia kabla haujafikia kelele za chumba.

Nikapanga. Taa za kijani tupu, hasi 12 safi. Kipimo cha kwanza kikatoka sekunde tatu, nikaelewa ile Alhamisi ilivyogeuka Jumamosi. Nikahamisha stendi nipime mahali pengine. Umeme ukakatika.

Jenereta tulikuwa tumeiweka mbali, nyuma ya choo, ngurumo zake zisiingie kwenye kipimo. Nikaenda kuiwasha. Kanisani akabaki kijana wangu wa mitambo.

Kijana huyu amelelewa na mikutano ya injili ya uwanjani. Kwake taa ya kijani ni ya watu waliopoa kiroho, nyekundu ndiyo upako. Kile kisanduku cha maiki kinakula umeme wa kompyuta, kwa hiyo kilikuwa bado kinawaka, na taa zake zilikuwa chini. Akakihurumia. Akazungusha geini mpaka ikagoma. Taa bado hazijamridhisha. Akaona kitufe cha kupeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye spika, akakibonyeza, "ili na sisi tusikie inachosikia." Hakuna kilichosikika, maana amplifaya zilikuwa zimezimika. Akaketi kunisubiri, ameridhika na kazi yake.

Nami kule nyuma nikavuta kamba ya jenereta.

Sauti ya spika ikirudi kwenye maiki, ikatoka tena na kurudi tena, ndiyo fidibaki, na ya kawaida hupiga mluzi. Hii ilipiga ukunga. Maiki imefunguliwa mpaka mwisho, spika zote ziko wazi, na chumba chenyewe kinakataa kuachia sauti. Mbwa wa Busia yote waliitikia. Kijana aliona ni pepo, akasimama mbele ya maiki akaikemea kwa nguvu zake zote, na maiki ikayapeleka makemeo kwenye spika bila kupunguza neno. Nilipozima jenereta, mwangwi uliendelea peke yake kwa zile sekunde zake tatu.

Nilipofika mlangoni, mtaa ulikuwa umeshafika. Waendesha boda boda, mama wa chapati na kijiti chake cha kusukumia unga, mataniboi wa malori. "Banange, kuna nini?" Mbele yao wote alisimama Mzee Jirani, ambaye ukoo wake na kanisa wanavutana kuhusu mpaka wa kiwanja tangu mimi sijaajiriwa. Alikuwa ameona kila kitu kutoka barazani kwake: chombo cha miguu mitatu, futi kamba, mtu anayefumba jicho moja na kuandika namba.

"Wanapima ardhi yetu!" akasema. "Na sasa wamepiga king'ora cha kutuhamisha!"

Kabla sijafungua mdomo, kwa upande wa pili wakatokea Mama Kwaya na akina mama wenzake wamepanga mstari, kila mmoja na godoro kichwani. Ndipo nikajua Katibu aliandika nini: fundi anahitaji magodoro, ya kuazima, yaletwe Jumanne.

"Mmeona?" Mzee Jirani akapaza sauti. "Wamekuja kulala hapa hapa!"

Kusema kweli, ningekuwa yeye ningeamini vivyo hivyo.

Mwenyekiti wa LC One, yaani wa baraza la kijiji, akafika na askari mmoja.

"Nani sevea hapa, huyo mpima ardhi?"

"Hakuna, Mwenyekiti. Mimi ni fundi wa sauti."

"Na hicho cha miguu mitatu?"

"Ni maiki."

Akaizunguka. "Hii ndogo ndiyo imelia vile?"

"Unajua kelele iko na kanuni tangu 2003?" askari akaingilia, kwa Kiswahili cha kambini.

"Najua, afande."

"Basi fanya ile kitu yako, sisi naona."

Wakaingia wote, watu kama mia, wakajaza mabenchi. Magodoro yakaegemezwa ukutani. Kijana wangu nikamketisha katikati ya akina mama wawili wanene, mikono juu ya magoti. Nikarudisha geini, nikazima kile kitufe, nikajaribu: hasi 12. Nikaomba kimya.

Mlio ukaanza chini kabisa. Vioo vikatetemeka, Mzee Jirani akashika benchi kwa mikono miwili. Ukapanda, ukapita sauti ya besi, ukapita soprano, ukawa mwembamba, ukazidi kuwa mwembamba. Ulipopita hezi elfu kumi Mzee wa Fedha akauliza kwa nguvu, "Imekwisha?" Watoto, ambao walikuwa bado wanausikia, wakaangua kicheko. Kipimo kikaharibika, nikarudia. Safari hii Mama Kwaya alimziba mdomo kwa kanga.

Matokeo: sekunde moja na nukta saba. Nikawaeleza kwamba mwili uliovaa nguo unameza sauti, na magodoro nayo yamesaidia, ila kazi kubwa wameifanya wao kwa kukaa tu. Mwenyekiti akasoma namba kwenye kompyuta, akasema hakuna ekari hapo, akawatuliza watu.

Mzee wa Fedha alikuwa kimya, midomo inachezacheza. Nikajua anafuta kichwani bei ya spika, anafuta na ya mapazia. Akamsogelea Mzee Jirani, akamshika bega.

"Ndugu yangu, wewe na ukoo wako mje kila Jumapili. Kuimba si lazima. Mkae tu."

Mzee Jirani akatazama dari, akatazama magodoro, akanitazama mimi.

"Mnalipa kwa ibada," akauliza, "au kwa mwezi?"