Ol Chiki: Herufi Zisizo na Jimbo

Wanaoipinga Ol Chiki, herufi zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya Kisantali, huanza na hesabu. Kisantali, lugha ya watu zaidi ya milioni 7 nchini India kwa sensa ya 2011, tayari kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, Kibengali, Kiodia na Devanagari (zile za Kihindi). Sasa za tano za nini?

Hesabu yenyewe haina kosa. Ila tuulize hizo nne zilitoka wapi. Za Kilatini zililetwa na wamisionari; nyingine zilimfuata Msantali shuleni kulingana na jimbo alilozaliwa. Wa Bengali Magharibi akashika Kibengali, wa Odisha Kiodia, wa Jharkhand Devanagari. Wakikutana kwenye harusi wanapiga soga hadi usiku wa manane. Wakiandikiana barua, kila mmoja anatafuta mtu wa kumsomea. Raghunath Murmu, kijana wa Mayurbhanj katika Odisha ya leo, hakuwa anaongeza mzigo alipobuni Ol Chiki mwaka 1925. Alitaka herufi ambazo hazina jimbo.

Tena alizishona kwa kipimo cha ulimi wa watu wake. Chukua neno la maji. Msantali akilitamka likiwa pekee, sauti ya mwisho inakatikia kooni, kama mtu aliyeanza kusema k akaghairi. Ol Chiki ina herufi ya mkato huo, iitwayo ag. Ukitaka isomeke g ya kawaida mwishoni mwa neno, unaiongezea alama ndogo ya ahad. Irabu nazo zina herufi zake kamili, hazidandii konsonanti kama katika Devanagari. Herufi zote ni 30, na ile ya t ni duara: umbo la dunia. Mtoto hahitaji kuikariri mara mbili.

Wa Kilatini nao wana lao, na si dogo. Mmisionari Mnorwe P. O. Bodding aliunasa mkato uleule kwa k na kialama pembeni, katika kamusi yake kubwa iliyotoka kati ya 1929 na 1936. Herufi hizo ziko kwenye kila kibodi, ilhali Ol Chiki iliingia Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, mwaka 2008 tu. Na Wasantali wengi wa Bangladesh, hasa Wakristo, wamelelewa na hizo za Kilatini. Kuwaambia wazitupe ni kuwafanyia kilekile tulichokilalamikia.

Ninachokataa ni kuibebesha Ol Chiki lawama ya mgawanyiko iliyoukuta. Mwaka 2017 Bangladesh ilianza kugawa vitabu vya shule kwa lugha tano za jamii ndogo. Kisantali kilikuwa kwenye mpango, kikaachwa nje kwa sababu Wasantali wenyewe hawakukubaliana juu ya herufi. Waliokuwa wakivutana pale ni wa Kilatini na wa Kibengali.