Diski za Sauti ya Mzunguko na Ahadi ya Nakala Isiyopoteza Kitu

Mwenye diski za muziki wa chaneli sita amenunua kitu ambacho njia ya kukisikiliza inazidi kufinyika mwaka hadi mwaka. Diski za SACD (Super Audio CD) zililetwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1999, DVD-Audio, yaani DVD ya muziki, ikafuata mwaka 2000, na zote mbili ziliahidi kumketisha msikilizaji katikati ya wanamuziki: spika mbili mbele, moja katikati yake, mbili nyuma, na sabufa pembeni ikibeba besi. Leo mashine zinazosoma diski hizo ni chache madukani, na Oppo, ambayo mashine zake zilipendwa kwa sababu zilisoma karibu kila aina ya diski, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha kuzitengeneza. Ndiyo maana wapenzi wengi wa muziki huu wamekuwa wakizihamishia diski zao kwenye kompyuta na kuzihifadhi kama faili za FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kuipunguza, wakiamini kwamba nakala ya namna hiyo haipotezi kitu. Mimi ni mmoja wao, na jambo hili nalitetea kwa moyo wote. Hata hivyo, naona kwamba hilo neno "haipotezi" tumeliamini kupita kiasi, na wanaotupinga tumewasikiliza kidogo mno.

Nianze na hoja iliyo na uzito zaidi kwangu, nayo ni ya hifadhi. Katika miaka ya 1970 kampuni kadhaa za muziki zilirekodi kwa chaneli nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, lakini sahani za santuri za wakati ule zilishindwa kuzibeba chaneli hizo kwa usafi. Philips ilikuwa na rekodi nyingi za muziki wa okestra za aina hiyo, na haikuwahi kuzitoa kwa chaneli nne. Zilikaa ghalani hadi kampuni ya Pentatone, iliyoanzishwa mwaka 2001 na watu waliotoka Philips, ilipozichukua kanda zile na kuzitoa kwenye SACD. Nchini Uingereza Dutton Vocalion nayo imekuwa ikifanya kazi kama hiyo kwa kanda za kampuni nyingine. Kwa hiyo anayeshika mojawapo ya diski hizi ameshika sauti iliyosubiri miongo mitatu au zaidi kabla ya kumfikia msikilizaji wa kawaida, na akiiacha ipotee kwa sababu ya jicho la leza lililochoka ndani ya mashine isiyo na vipuri, hasara haimhusu yeye peke yake.

Wala diski zenyewe si za milele. CD zilizotengenezwa katika kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, kati ya mwaka 1988 na 1993, zilikuja kujulikana kwa kugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, kisha sauti ikaanza kukwaruza na mwishowe kutosomeka kabisa. Hizo zilikuwa CD za kawaida, lakini zilitufundisha kwamba diski inaweza kuharibika ikiwa kabatini, ndani ya kasha lake, bila kuguswa na mtu. Mtu akipiga nakala kabla ya siku hiyo, simwoni kuwa mwizi.

Wenye haki, hata hivyo, hawakuziacha diski hizi wazi. SACD haisomeki katika kiendeshi cha kawaida cha kompyuta, na alama za ulinzi wake zimekandamizwa kwenye vishimo vyenyewe vya diski. DVD-Audio ina kufuli yake, na Blu-ray ina ya kwake. Kwa miaka mingi SACD ilionekana haifunguki, hadi ilipogundulika kwamba PlayStation 3 za mwanzo, ambazo zilikuwa na uwezo wa kuisoma, zingeweza kuitoa ikiwa programu yake ya ndani ni ya zamani. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya mashine za Blu-ray nazo zinaweza. Kila njia kati ya hizo inapita juu ya kinga ambayo mwenye mali aliiweka kwa makusudi, na hapo ndipo sheria inapoingia.

Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa mwaka 1996 uliyataka mataifa yazilinde kinga za kiufundi. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ukatoa mwongozo wake mwaka 2001, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inahesabu kuvunja kinga hizo kuwa ukiukaji wa hakimiliki. Nchi nyingine zinamruhusu mnunuzi kujinakilia kwa matumizi yake binafsi, lakini ruhusa hiyo mara nyingi inaishia pale kufuli inapoanzia. Mfano wa Uingereza unaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo gumu: mwezi Oktoba 2014 serikali iliruhusu nakala ya binafsi, na kufikia Julai 2015 Mahakama Kuu ilikuwa imeitengua ruhusa hiyo baada ya vyama vya wanamuziki kulalamika kwamba wasanii hawakuwekewa fidia. Walichokataa pale ni kubebeshwa gharama ambayo mtu mwingine ameiamua, na sioni jinsi ya kuwalaumu kwa hilo.

Hoja yao ina nguvu hata zaidi katika muziki wa chaneli nyingi. Soko lake ni dogo, na kampuni zinazotoa diski hizi huchapisha nakala chache, zikitegemea kwamba wale wachache wanaozipenda watazinunua. Faili moja ikivuja, soko dogo kama hilo linaweza kutikisika vibaya kuliko soko la muziki wa dansi unaosikilizwa na mamilioni. Wanaosema kwamba nakala ya nyumbani haimdhuru mtu wanasema kweli mradi ibaki nyumbani, na faili haina mlango wa kuizuia isitoke. Binafsi naamini aliyenunua diski amenunua haki ya kuusikia muziki ule hata mashine ikifa, na kwamba sheria inayomzuia kufungua diski yake mwenyewe imekosea mahali. Lakini naiamini haki hiyo kwa mwenye diski mkononi, si kwa rafiki yake, wala kwa rafiki wa rafiki yake.

Sasa niligeukie lile neno "haipotezi". FLAC, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001, ni kasha. Inachukua tarakimu za sauti, inazifunga zichukue nafasi ndogo, na inapozifungua inazirudisha zilezile bila kubadilika hata moja. Ahadi hiyo ni ya kweli, lakini inahusu kufunga na kufungua peke yake. Yaliyotokea kabla tarakimu hazijaingia kwenye kasha hayaihusu FLAC, na ndiko hasara nyingi zinakotokea.

DVD-Audio ndiyo inayotendewa haki zaidi. Sauti ya chaneli sita yenye biti 24 na kilohezi 96, yaani vipimo 96,000 vya sauti kila sekunde, kila kimoja cha biti 24, inahitaji takriban megabiti 13.8 kila sekunde, ilhali diski yenyewe haiwezi kutoa zaidi ya 9.6, na kwa sababu hiyo watengenezaji walitumia mfumo wa kampuni ya Meridian unaobana sauti bila kuipunguza. Ukiufungua mfumo huo na kuzifunga upya tarakimu zake katika FLAC, umehamisha mzigo kutoka gunia moja kwenda jingine, na hakuna punje iliyomwagika.

Kwa DVD za kawaida zenye sauti ya Dolby Digital au DTS, mambo ni tofauti. Sauti ile ilishapunguzwa kiwandani ili ienee pamoja na picha, na kilichotupwa hakirudi. Kuigeuza kuwa FLAC kunazaa faili kubwa mara kadhaa kuliko chanzo chake, yenye jina la heshima na sauti ileile iliyopunguzwa. Hapa naona afadhali mtu abaki na mkondo wa asili kama ulivyo kwenye diski. CD za DTS za miaka ya 1990 zina mtego wake pia: ukizinakili kama CD yoyote, faili inaonekana nzima, lakini ukiicheza unasikia mvumo wa kukwaruza tu, kwa sababu ndani yake mna msimbo unaongoja amplifaya ya kuufasiri. Ukipunguza sauti kidogo kwenye kompyuta kabla msimbo haujafika huko, umeuharibu.

SACD ndiyo inayozua ubishi mkubwa zaidi. Sauti yake haikuandikwa kwa tarakimu za biti 16 au 24. Imeandikwa kwa biti moja moja, mara 2,822,400 kila sekunde kwa kila chaneli, yaani mara 64 ya kasi ya CD ya kawaida. Mfumo huu unaitwa DSD, na FLAC haiupokei. Ili uingie kwenye FLAC ni lazima uhesabiwe upya kuwa sauti ya biti 24, kwa kawaida kwa kilohezi 88.2 au 176.4, na hesabu hiyo inahitaji maamuzi: kelele ambazo DSD yenyewe huzisukuma juu ya upeo wa sikio zikatwe wapi, na kiwango cha sauti kiongezwe desibeli 6 au kiachwe chini. Ukiongeza, sehemu zenye nguvu zaidi zinaweza kugonga dari, yaani kupita kiwango cha juu ambacho faili inaweza kubeba. Usipoongeza, faili zako za SACD zitakuwa na sauti ndogo kuliko nyingine zote. Sikio langu halitambui tofauti kati ya hesabu iliyofanywa vizuri na chanzo chake, na sidhani kwamba wengi wanaitambua. Lakini ukweli ni kwamba tarakimu za asili hazimo tena katika faili ile, na huwezi kuirudisha nyuma ikawa DSD ileile. Kuiita isiyopoteza ni kulitumia neno mahali ambapo si pake.

Vivyo hivyo kwa Blu-ray zenye Dolby Atmos, mfumo unaotumia pia spika za darini. Ukizigeuza kuwa FLAC unabaki na chaneli nane za kawaida, na maelezo yanayoiambia amplifaya ipeleke sauti gani kwenye spika za darini yanaachwa njiani. Aliyefungia spika dari lake kwa ajili ya muziki huo atakuwa amejinyang'anya mwenyewe.

Kuna hasara nyingine ambayo haihusu tarakimu kabisa, nami iliwahi kunipotezea wikendi nzima. Diski yangu ya kwanza ya chaneli sita niliitoa kwa kutumia programu iliyozipanga chaneli kwa utaratibu wa sinema: kushoto, kati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, kisha besi. FLAC inazipanga kushoto, kulia, kati, besi, nyuma kushoto, nyuma kulia. Nilipobonyeza kitufe cha kucheza, mwimbaji aliyekuwa akisimama mbele yangu miaka yote alikuwa amehamia spika ya kulia, sabufa ikawa inabwabwaja mwangwi uliopaswa kutoka nyuma kushoto, na kile kispika kidogo cha nyuma kulia kikawa kinatetemeka kwa besi kisichoweza kuibeba. FLAC huhifadhi ndani yake alama ya MD5 ya kuthibitisha kwamba sauti haijabadilika tangu faili ilipoundwa, na faili zangu zote zilipita kipimo hicho bila kasoro. Alama ile ilikuwa sahihi, kwa kuwa hakuna tarakimu iliyopotea. Zilikuwa tu zimeketishwa kwenye viti visivyo vyake. Tangu siku hiyo siiamini nakala yoyote kabla sijaisikiliza spika moja moja, nikilinganisha na diski yenyewe kwenye mashine.

Kutokana na hayo yote, nimefikia uamuzi ambao wenzangu wengi wanauona wa gharama. Nakala ya kwanza ninayoihifadhi ni sura nzima ya diski, yaani faili yenye kila kilichomo kwenye diski kama kilivyo, na FLAC ninaitengeneza kutoka kwenye sura hiyo kwa ajili ya kusikiliza kila siku. Wanaopinga wanasema inakula nafasi mara mbili, na ni kweli: albamu ya dakika 45 kwa chaneli sita za DSD isiyobanwa ni takriban gigabaiti 5.7, ingawa diski nyingi za chaneli nyingi hubana sauti hiyo zisije zikavuka gigabaiti 4.7 za tabaka lake. Mwenye diski mia moja atahitaji eksteno nzuri, yaani diski ya nje ya kuhifadhia ya kompyuta, na ya pili ya akiba. Lakini FLAC iliyokosewa inaweza kutengenezwa upya mradi sura ipo, kama nilivyofanya Jumatatu ya wiki ile. Bila sura hiyo, ningelazimika kurudi kwenye diski na kwenye mashine ambayo huenda imeshakufa.

Kati ya pande hizi mbili ipo njia ambayo ningependa kampuni nyingi zaidi ziifuate. 2L ya Norwei, kampuni ndogo inayorekodi makanisani kwa maikrofoni zilizopangwa kwa ajili ya sauti ya mzunguko, iliweka kwenye diski zake za Blu-ray faili za FLAC na MP3 ambazo mnunuzi anaweza kuzichukua kihalali kupitia mtandao wa nyumbani kwake, na pia inauza faili za chaneli nyingi moja kwa moja. Mnunuzi wa diski kama hiyo hana kufuli ya kuvunja, na msanii amelipwa kwa kila alichokitoa. Muziki unaopatikana kwa njia hiyo mimi ninaununua, hata kama ninaweza kuunakili kwingine.

Zinabaki diski za zamani ambazo hakuna anayeziuza tena kwa njia yoyote, na hizo ninaendelea kuzinakili. Jambo ambalo sikubaliani nalo ni desturi ya kunakili diski adimu na kisha kuiuza kwa bei ya uadimu wake. Hoja yetu yote ya kutetea nakala inasimama juu ya ukweli kwamba diski tunayo, na aliyeiuza akabaki na faili hana tena cha kumwonyesha msanii anapoulizwa. Za kwangu zimo kabatini, wima, mbali na dirisha, kila moja na tarehe niliyoinakili kwenye kikaratasi ndani ya kasha.