Dodoma tuna chakula cha nchi kame, kwanini hoteli zetu zinauza chipsi tu?

Niko Tucson, Arizona, nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa bei kubwa, na ndugu zangu wa Dodoma hili jambo linaniuma kweli. Huku ni jangwa, jangwa la Sonora, mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 300, wakati kwetu pamoja na ukame wote tunaoulalamikia tunapita 500. Lakini mwaka 2015 UNESCO wakautambua mji huu kuwa mji wa mapishi, wa kwanza Marekani nzima, na walichoangalia sana ni vyakula vya wenyeji wa jangwa, watu ambao kilimo chao hapa kina zaidi ya miaka 4,000.

Cheki sasa tunachopika. Kuna maharage madogo yanaitwa tepari, yanahimili jua na kiu kuliko maharage mliyozoea. Kuna unga wa maganda ya meskite, mti wa miba kama migunga yetu, maganda yakikauka yanasagwa na unga wake una utamu wenyewe bila sukari. Halafu kuna matunda ya sagwaro, lile kaktasi refu, wanayaangua kwa fito ndefu mwezi wa sita joto likiwa kali kabisa, wanachemsha mpaka inakuwa sharubati nzito nyekundu. Vyote hivyo navishika kwa mikono yangu, vinatoka kwenye sahani pana, chakula kidogo katikati, na menyu inataja shamba vilipotoka, na watu wanalipa tena kwa furaha.

Kuna mgahawa unaitwa Kai, uko Chandler karibu na Phoenix, ndani ya hoteli ambayo ni mali ya wenyeji wenyewe wa Gila River, umewahi kupewa nyota tano za Forbes, wale wanaopima ubora wa hoteli na migahawa, na tepari zake zinalimwa hukohuko kwenye ardhi yao. Hawa watu wameteseka jamani. Karne ya 19 walowezi waliuchepusha mto Gila huko juu, mashamba yakakauka, wakaanza kula unga mweupe na mafuta ya msaada, na mpaka leo Wapima, yaani hao wenyeji wa Gila River, ni kati ya jamii zenye kisukari kingi zaidi duniani. Tepari ilibaki kidogo ipotee, familia moja ya Sacaton, hukohuko Gila River, ikairudisha kwa mbegu ambazo mzee wao alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku.

Sasa sisi hatujafika huko kwenye sanduku! Bibi zetu Chamwino na Bahi bado wanasonga ugali wa uwele, mlenda wa kukausha upo sokoni Majengo, njugu mawe zipo, ubuyu upo, ukwaju upo, rozela ipo, kuku wa kienyeji na asali vinatoka Singida hapo jirani. Kitu ambacho huku wamekitafuta kwa tabu sisi tunacho kinapumua, halafu tunakionea aibu.

Nilipokuja likizo ndugu zangu wakanipeleka kwenye hoteli moja mpya, nzuri sana, viti vizuri, kiyoyozi, menyu ni chipsi kuku, pizza, baga, juisi ya boksi na wine ya kutoka nje. Nikauliza mlenda. Mhudumu akaniambia kwa upole, "Dada yangu, hiyo hatuweki, wageni hawaipendi." Mgeni gani aliyeulizwa? Tangu wizara zihamie Mtumba, tangu treni ya SGR ianze 2024, watu wanashuka Dodoma kila siku kutoka kila mahali, na pizza wanaipata kwao.

Na hiyo wine ndo iliniuma zaidi, maana zabibu yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, ile nyekundu ya Makutupora inatoa mvinyo mzuri tu, na mkulima wa Hombolo anahangaika na mchuzi wake wa zabibu, ile juisi iliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, akitafuta mnunuzi.

Sisemi huku kila kitu ni sawa. Wateja wangu wengi ni watalii na matajiri, wale ambao babu zao walikula tepari ni wachache mno kwenye meza zile, na kula kwenyewe kila mtu na kisahani chake, hakuna kunawa pamoja, hakuna sinia. Kwa hilo nyumbani tunawazidi mbali na sitaki tuliache. Ninachotaka ni hela ya mgeni imfikie aliyelima uwele, kama huku inavyomfikia mwenye tepari.

Wenye hoteli, hata mmoja aanze. Ugali mdogo wa uwele, mlenda wa karanga, kuku wa Singida, glasi ya Makutupora, aandike kwenye menyu uwele umetoka kijiji gani, na bei aweke sawa na hiyo pizza.