Kumar Gandharva na hadithi ya pafu moja

Mtaje mwimbaji Kumar Gandharva mbele ya wapenzi wa muziki wa Kihindi, na haitapita dakika mtu hajalileta lile pafu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliugua kifua kikuu, pafu moja likaharibika, akakatazwa kuimba kwa miaka. Aliporudi jukwaani mwaka 1953 alikuja na vifungu vifupi vifupi. Basi, wanasema wakosoaji, mtindo wenyewe ni udhaifu uliovishwa joho la sanaa.

Wana hoja. Khayal, uimbaji wa jadi wa kaskazini mwa India, hujengwa taratibu: mwimbaji hukaa na sauti moja, akaizunguka wee, ndipo apande. Aliyelelewa kwenye shule ya Kirana, ukoo wa waimbaji wanaopanda taratibu hivyo, akimsikiliza Kumar huona amenyimwa utamu huo. Na katika fani inayorithishwa kwa mwalimu, yeye aligoma kufungwa na shule yoyote.

Lakini pafu huamua pumzi iishie wapi, basi. Msikilize: anarusha maneno mawili kwa nguvu, anakata ghafla, tanpura (vinanda vya nyuzi vinavyovuma nyuma ya mwimbaji) zinabaki peke yake, kisha anarudi kwa sauti nyembamba kana kwamba yuko chumba cha pili. Aliyeishiwa pumzi hukatikia popote inapomshinda. Huyu hukata panapouma, na akiendelea huliangukia pigo la kwanza la ngoma za tabla bila kukosea. Halafu zile tanpura: alisifika kwa kutoziachia mpaka nyuzi zilingane sawasawa. Mtu wa kuficha upungufu angetaka kelele nyuma yake, si utulivu unaoanika kila kosa.

Tena ugonjwa ulimpeleka mji wa Dewas, kwenye hewa kavu ya eneo la Malwa, katikati ya India, na huko mdomo ulipofungwa masikio yakafanya kazi. Alisikiliza nyimbo za vijijini, na watawa wa madhehebu ya Nath wakiimba tungo za mshairi Kabir. Kutokana na nyimbo hizo akaunda raga mpya, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake, akazitoa mwaka 1965 katika kitabu Anup Raga Vilas. Pafu bovu halitungi raga. Wala ukaidi haukuanzia kitandani: mwalimu wake wa Bombay, B. R. Deodhar, japo alitoka shule ya Gwalior, alikuwa akiokota mazuri kwa mabingwa wa kila upande.

Lawama ya vifungu vifupi ningewapelekea wanaomwiga. Wao wana mapafu mawili mazima, wanakatakata sauti vilevile, na wakinyamaza unajua tu kwamba hawana la kuimba.